Somo Juu ya Deni la Ugiriki na Ikhtilafu za Wapinzani wa Ubepari

Mwanafunzi wa fiqhi hufundishwa mapema kwamba ikhtilafu haifahamiki kwa kusikia hukumu ya mwisho peke yake. Kwanza hutakikana yajulikane waliyoafikiana wenye kukhitalifiana; kisha mahali khasa walipoachana; kisha hoja ya kila mmoja na jawabu alilopewa. Asiyefuata utaratibu huu huingia katika majadiliano akatoka na makelele, wala asitoke na ilimu.

Utaratibu huo wafaa pia katika mambo ya mali na siasa. Watu wengi barazani husikia majina ya ubepari, ujamaa, ukomunisti na mrengo wa kushoto, na mara hugawanyika makundi mawili: hawa husema wapinzani wa ubepari wote ni watu wa fitina, na wale husema wote ni watetezi wa maskini. Ni wachache wanaouliza wapinzani hao wanasemezana nini wao kwa wao. Hali ya mambo ni kwamba hawako kauli moja, na mojawapo ya ikhtilafu zao kubwa za karne hii ilidhihiri katika nchi ndogo ya Ulaya, nayo ni Ugiriki, mwaka 2015. Somo hili laeleza khabari hiyo, na hoja za kila upande, na mazingatio yaliyomo kwa mwenye kuwia na mwenye kuwiwa.

Faslu ya Kwanza: Maana ya Maneno

Ubepari si kununua na kuuza. Biashara ilikuwapo ulimwenguni tangu zamani, na majahazi yamepeleka bidhaa baina ya bandari na bandari karne nyingi kabla ya neno hili kujulikana. Ubepari ni mpango wa uchumi ambao ndani yake viwanda, benki, mashamba makubwa na vyombo vya usafiri ni milki ya wenye rasilmali. Na watu wengi, kwa kuwa hawana rasilmali, huishi kwa kuuza nguvu zao kwa mshahara. Na bidhaa hutengenezwa kwa kutafuta faida, na faida hurejeshwa kazini ili izae faida nyingine.

Ama jina la mrengo wa kushoto, asili yake ni Ufaransa mwaka 1789, pale wajumbe wa baraza la nchi waliotaka kupunguza nguvu za mfalme walipokaa upande wa kushoto wa kiti cha mkuu wa baraza, na waliomtetea mfalme wakakaa kuume. Tangu hapo jina hilo likawashika wote wanaotaka mali na amri zigawanywe kwa usawa zaidi.

Karl Marx, Mjerumani aliyetoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake juu ya rasilmali mwaka 1867, alishikilia kwamba misukosuko ya uchumi haiji kwa ajali kama dhoruba itokayo baharini, bali hutoka ndani ya ubepari wenyewe. Wafuasi wake wameafikiana juu ya asili hiyo, walakini wameachana katika kuitaja ila yenyewe. Baadhi yao husema ila ni uchache wa mishahara: bidhaa hujaa madukani na mnunuzi hana kitu, basi hununua kwa mkopo mpaka mkopo ukakatika. Wengine husema ila ni kupungua kwa kima cha faida kila mashine zinapozidi, hata wenye mali wakaacha viwanda wakatafuta faida katika bahati nasibu ya fedha. Na wengine hulaumu benki zilizoacha kuhudumia kazi zikawa zatafuta fedha kwa fedha. Kando yao alikuwapo John Maynard Keynes, Mwingereza, ambaye hakuwa mfuasi wa Marx. Yeye katika kitabu chake cha mwaka 1936 alisema kwamba wakati wa mdororo, watu wote wanapozuia mikono yao, ni juu ya serikali kutoa. Kwani matumizi ya mmoja ndiyo pato la mwenziwe.

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya New York ilitangaza kufilisika, na khofu ikaenea katika masoko ya fedha ulimwenguni. Serikali za Marekani na Ulaya ziliziokoa benki nyingine kwa mali ya umma. Hapo watu wa mrengo wa kushoto wakauliza suala ambalo ndilo mzizi wa somo hili: ikiwa faida ya miaka ya neema ilikuwa ya wenye benki, kwa hoja gani khasara ya mwaka wa shida imekuwa ya watu wote?

Faslu ya Pili: Asili ya Deni

Ugiriki iliingia katika umoja wa sarafu ya yuro mwaka 2001. Kwa kuingia huko serikali yake ilipata kukopa kwa riba ndogo, karibu sawa na ile ya Ujerumani, na ikakopa sana, khasa kwa benki za Ufaransa na Ujerumani. Ni lazima isemwe kwa insafu kwamba mdaiwa huyu hakuwa safi: hesabu za serikali zilikuwa si za kweli, na matajiri wengi walikuwa wakikwepa kodi na serikali ikiwaangalia. Mwezi wa Oktoba 2009 serikali mpya ya George Papandreou ilidhihirisha kwamba upungufu wa bajeti ni mkubwa mno kuliko ulivyotangazwa; na hesabu ilipokwisha kusahihishwa ilionekana kuwa ni zaidi ya 15 katika kila 100 ya pato la nchi la mwaka ule. Deni lenyewe lilikuwa kiasi cha yuro bilioni 300.

Nchi yenye sarafu yake, ikifikwa na jambo kama hilo, huweza kuishusha thamani ili bidhaa zake ziwe rakhisi kwa wageni. Ugiriki haikuwa na sarafu yake. Mwezi wa Mei 2010 ilipewa mkopo wa yuro bilioni 110 na nchi za yuro pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 2012 mkopo wa pili wa bilioni 130. Wasimamizi walikuwa watatu: Kamisheni ya Ulaya, Benki Kuu ya Ulaya na Shirika hilo la Fedha. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikukaa Ugiriki, bali ilipita kwenda kulipa madeni ya zamani na kuzijaza benki. Kwa hivyo deni lililokuwa la benki za watu binafsi likahamishwa likawa deni la serikali kwa serikali, na khofu ya wenye benki ikahamia kwa walipa kodi.

Mwaka 2012 wenye hati za deni walikubali kupoteza zaidi ya nusu ya thamani iliyoandikwa juu ya hati zao. Walakini wakati huo benki nyingi za kigeni zilikwisha kupata nafasi ya kujitoa, na miongoni mwa waliokatwa walikuwamo mifuko ya wastaafu wa Ugiriki wenyewe.

Masharti yalikuwa ni kupunguza mishahara na malipo ya wazee, kuongeza kodi, na kuuza mali ya serikali. Mshahara wa chini kabisa ulishushwa mwaka 2012 kutoka yuro 751 kwa mwezi hata 586. Mwaka 2013 wasio na kazi walikuwa zaidi ya 27 katika kila 100 ya watu wa kufanya kazi, na baina ya vijana walikuwa zaidi ya nusu. Pato la nchi lilipungua kiasi cha robo.

Hapa pana nukta ambayo asiyeifahamu hawezi kufahamu majadiliano yote yaliyofuata. Uzito wa deni haupimwi kwa deni peke yake, bali kwa deni na pato pamoja. Mfano wake ni mvuvi mwenye pato la shilingi 100 kwa mwaka na deni la shilingi 127. Mdai akamwambia, Uza nyavu zako nusu ili unilipe. Mvuvi akauza, na pato lake likashuka hata 75. Hata ikiwa deni halikuzidi senti moja, lililokuwa 127 katika 100 sasa limekuwa 169 katika 100. Ndivyo ilivyokuwa Ugiriki: mwaka 2009 deni lilikuwa kiasi cha 127 katika 100 ya pato la nchi, na mwaka 2014, baada ya kukatwa na kulipwa na watu kuteseka, lilikuwa limepita 175. Na Shirika la Fedha lenyewe lilikiri mwaka 2013 kwamba mpango wa kwanza ulikuwa na makosa makubwa, na kwamba madhara yake kwa uchumi yalikadiriwa kwa uchache.

Faslu ya Tatu: Kauli Nne

Watu wa mrengo wa kushoto wa Ugiriki waliafikiana juu ya mambo matatu: ya kwamba deni kwa hali ile halilipiki, ya kwamba mzigo umewekwa juu ya wasiokopa, na ya kwamba ila ya asili imo katika ubepari wa Ulaya, si katika uvivu wa Wagiriki. Wakaachana katika suala moja: mwenye kuonewa afanye nini, na kwa nyenzo gani?

Kauli ya kwanza ilikuwa ya wakubwa wa chama cha Syriza, naye kiongozi wao ni Alexis Tsipras, na waziri wao wa fedha wa miezi ya kwanza ni Yanis Varoufakis, mwalimu wa elimu ya uchumi. Walisema: nchi ibaki katika yuro, ikatae masharti, ishindane mezani mpaka deni lipunguzwe. Varoufakis alitoa hoja ya khofu, nayo si hoja ya kudharauliwa. Alisema kwamba uchumi wa Ulaya ukivunjika sasa, mrengo wa kushoto ukiwa dhaifu, watakaorithi magofu si wafanyakazi bali ni watu wa chuki, kama ilivyokuwa Ujerumani baada ya mdororo wa mwaka 1929. Basi ni juu ya mpinzani wa ubepari kuuzuia usianguke kwa wakati ule, ijapokuwa haupendi. Dalili ya khofu hiyo ilikuwa machoni: chama cha Golden Dawn, chenye chuki na wageni, kilipata viti 18 katika Bunge mwezi wa Juni 2012, na mwaka 2020 mahkama ya Athens ilikihukumu kuwa ni genge la uhalifu.

Kauli ya pili ilikuwa ya kundi lililokuwa ndani ya Syriza yenyewe, pamoja na Costas Lapavitsas, mwalimu wa uchumi katika chuo kikuu cha London aliyechaguliwa mbunge mwaka 2015. Hawa walisema: yuro yenyewe ndiyo minyororo. Nchi yenye viwanda vikubwa na mishahara iliyozuiliwa huuza, na nchi dhaifu hununua kwa mkopo. Na madhali sarafu ni moja, dhaifu hana pa kukimbilia. Basi serikali isimamishe malipo, irejeshe sarafu yake, ishike benki, na izuie fedha zisikimbie. Katika mifano waliyoitazama ni Argentina, iliyosimamisha malipo Desemba 2001 na kuivunja ahadi ya kuifunga sarafu yake na dola Januari 2002: ilipata dhiki kubwa sana mwaka ule, hata zaidi ya nusu ya watu wakawa maskini, kisha uchumi wake ukakua kwa kasi miaka kadha tangu 2003. Waliojibu walisema: Argentina ilikuwa na sarafu yake tayari, na nafaka ya kuuza kwa bei nzuri, Ugiriki yaagiza mafuta na dawa kutoka nje, na sarafu mpya haichapwi kwa siku moja.

Kauli ya tatu ilikuwa ya Chama cha Kikomunisti cha Ugiriki. Wao walisema: yuro au drakma, mfanyakazi ni mfanyakazi yule yule maadamu kiwanda na benki ni za tajiri yule yule. Kwa hivyo waliwakatalia wote wawili, wakataka amri ichukuliwe na wafanyakazi na nchi itoke katika umoja wa Ulaya wote. Waliojibu walisema: hilo ni neno la asili, na mtu mwenye njaa ya leo amekuja na suala la leo.

Kauli ya nne haikuwa ya chama, bali ya watu waliochoka kungoja vyama. Walianzisha zahanati za kujitolea kwa wasio na bima, mojawapo ni ile ya Elliniko karibu na Athens iliyofunguliwa mwezi wa Desemba 2011. Na katika mji wa Thessaloniki wafanyakazi wa kiwanda cha Vio.Me, wenyewe walipokiacha, walikiendesha kwa shura tangu Februari 2013, wakatengeneza sabuni na vitu vya kusafishia badala ya vifaa vya ujenzi. Hoja yao ni kwamba badili ya ubepari haiandikwi kwanza kisha ikafanywa, bali hufanywa kidogo kidogo mpaka ikaonekana. Waliojibu walisema: hayo ni mema, walakini sabuni ya kiwanda kimoja haifungui benki za nchi nzima.

Faslu ya Nne: Yaliyotokea Mwaka 2015

Tarehe 25 Januari 2015 Syriza ilishinda uchaguzi, ikapata viti 149 katika 300, na Tsipras akawa waziri mkuu. Miezi mitano alijadiliana na wadai. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza deni, na mwezi wa Juni kamati ikasema kwamba deni si halali na halilipiki. Wadai hawakusogea.

Ama nguvu ya wadai haikuwa katika majeshi, wala khasa katika sheria. Ilikuwa katika ufunguo mmoja. Benki za Ugiriki zilikuwa zikiishi kwa fedha za dharura kwa idhini ya Benki Kuu ya Ulaya, na watu kwa khofu walikuwa wakitoa akiba zao kila siku. Mwisho wa Juni Tsipras alipotangaza kura ya maoni juu ya masharti, Benki Kuu ikakataa kuzidisha kiwango cha fedha hizo. Tarehe 29 Juni benki zikafungwa, na kila mtu akaruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku. Wazee walisimama safu milangoni wakingojea malipo yao. Siku ya pili yake Ugiriki ikakosa kulipa Shirika la Fedha kiasi cha yuro bilioni moja na nusu.

Tarehe 5 Julai watu wakapiga kura, nao benki zimefungwa na vitisho ni vingi. Waliosema Hapana walikuwa 61.3 katika kila 100. Wakomunisti waliwaambia watu wao wasichague Ndiyo wala Hapana, bali watie kura ya kubatilika. Kesho yake Varoufakis akajiuzulu. Na tarehe 13 Julai, baada ya mkutano wa usiku kucha mjini Brussels, Tsipras akakubali masharti yaliyokuwa mazito kuliko yale yaliyokataliwa, kwa mkopo wa tatu wa kufikia yuro bilioni 86. Varoufakis alikuwa amefikiri mpango wa malipo ya kando ili watu wauziane benki zikiwa zimefungwa. Mpango huo haukutumika.

Watu wa kauli ya pili walitoka katika Syriza wakafanya chama chao. Katika uchaguzi wa Septemba 2015 walipata chini ya 3 katika 100, wasiingie Bungeni. Bandari ya Piraeus, mlango wa bahari wa Athens tangu zama za kale, iliuzwa sehemu yake ya 51 katika 100 kwa kampuni ya Kichina ya COSCO mwaka 2016, kwa yuro milioni 280 na nusu. Viwanja 14 vya ndege vilikodishwa kwa miaka 40 kwa ushirika ulioongozwa na kampuni ya Kijerumani. Mipango ya mikopo ilikwisha tarehe 20 Agosti 2018, na nchi ikabaki na ahadi ya kuweka ziada ya 3.5 katika 100 ya pato lake, kabla ya kuhesabu riba, mpaka mwaka 2022, na baadaye kiasi cha 2.2 mpaka mwaka 2060. Mwezi wa Julai 2019 Syriza ikashindwa katika uchaguzi.

Faslu ya Tano: Kupima Hoja

Mlango wa taflisi katika vitabu vya madhehebu ya Shafii ni mlango wa mwenye madeni yaliyozidi mali yake, na mwenye kuusoma ataona kwamba haukumpendelea upande mmoja. Mdaiwa aficheye mali yake aweza kufungwa. Asiyeficha, kadhi humzuia kutumia mali yake, akaiuza, hata nyumba anayokaa kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Basi sheria hii si laini. Walakini huachiwa nguo zake zimfaazo, na chakula cha siku ya mgawanyo, chake na cha walio juu yake. Mali hugawanywa kwa wadai kila mmoja kwa kadiri ya deni lake, kwa hivyo upungufu huwagusa wote. Na baada ya hapo, asili ya hukumu ni kwamba halazimishwi kujikodisha kazi ili alipe lililobaki. Deni lingali katika dhima yake, naye hupewa muhula mpaka apate wasaa.

Ni kweli kwamba serikali si mtu mmoja, wala haiwezekani kuhamisha hukumu ya huyu kwa ile pasipo kufikiri. Walakini tofauti iliyo kubwa kuliko zote yastahili kutazamwa: katika mlango wa taflisi yuko kadhi, naye si mdai. Katika khabari ya Ugiriki mdai ndiye aliyekuwa kadhi, na ndiye aliyekuwa na ufunguo wa hazina. Na mwenye deni aliambiwa ajikodishe mpaka mwaka 2060, na watakaolipa miaka hiyo wengine walikuwa hawajazaliwa mkopo ulipochukuliwa.

Kuna hoja nyingine, nayo yatokana na maneno ya wakopeshaji wenyewe. Wao husema kwamba riba ni ujira wa khatari: mwenye kukopesha huenda asilipwe, basi na apate ziada. Haramu ya riba haihitaji kujadiliwa hapa. Lakini hata kwa kauli yao, aliyepokea bei ya khatari miaka kumi, khatari ilipokuja ilikuwa ni juu yake kuibeba. Katika mkataba wa kiradhi mwenye mali hupata sehemu ya faida, na ikitokea khasara pasipo taksiri ya mwenye kuitumia, khasara ni ya mali yake, na mwenziwe amepoteza kazi yake. Mwenye kutaka faida ya mshirika na salama ya mkopeshaji ametaka vitu viwili visivyokaa pamoja.

Wala msamaha wa deni baina ya serikali si jambo geni Ulaya. Mwaka 1953, kwa mkataba wa London, madeni ya Ujerumani yalipunguzwa kiasi cha nusu, na malipo yakafungamanishwa na ziada ya biashara yake ili ilipe kwa inachochuma. Na Ugiriki ilikuwa miongoni mwa wadai waliotia saini.

Haya yote yatilia nguvu waliyoafikiana watu wa mrengo wa kushoto. Ama walipoachana, kila kauli ina haki yake na upungufu wake. Watu wa kauli ya kwanza waliona sawa khofu ya magofu, ila walikwenda mezani na hoja peke yake, na mpinzani ana ufunguo. Watu wa kauli ya pili walijua kwamba nyenzo hutangulia neno, ila hawakuwakinaisha watu, ambao wengi wao hawakutaka kutoka katika yuro. Watu wa kauli ya tatu walinyosha kidole kwenye mzizi, wakanyamaza juu ya mkate wa kesho. Na watu wa kauli ya nne walimtibu mgonjwa hasa, jambo ambalo wengine hawakulifanya. Lakini walifanya kazi ya kikombe mahali palipotaka mtungi.

Yaonekana basi kwamba kukataa dhulma kuna sharti lake, kama ibada ilivyo na sharti kabla ya kuingia ndani yake. Mwenye kutaka kusema Hapana kwa mdai mwenye nguvu lazima ajibu kwanza masuala matatu. La kwanza: chakula, mafuta na dawa vitatosha miezi mingapi? La pili: ufunguo wa hazina uko mkononi mwa nani, na ukifungwa watu watauziana kwa nini? La tatu: je, watu wameambiwa bei ya Hapana, au wameulizwa neno peke yake? Wagiriki walijibu kwa ushujaa suala waliloulizwa. Bei yake hawakuulizwa, na hakuna aliyekuwa ameiweka akiba.

Khatima

Msomaji wa pwani asidhani khabari hii ni ya mbali. Shirika la Fedha lililokaa Athens ndilo lililotiliana mkataba na Tanzania mwaka 1986, baada ya miaka ya mabishano baina yake na serikali ya Mwalimu Nyerere. Na mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walijaa barabarani, Mombasa na Nairobi na kwingineko, kuupinga mswada wa kodi mpya katika nchi iliyoelemewa na madeni, wengine wakauawa, na rais akakataa kuutia saini. Kodi ile ilisimama, deni halikusimama.

Kwa hivyo majadiliano ya ubepari na badili yake si mchezo wa wasomi wa Ulaya. Mwenye kuyasikia barazani na asikimbilie kulaani wala kushangilia, bali aulize: mmeafikiana wapi, mmeachana wapi, na mtakula nini siku ya pili? Na mwenye kukopa, awe ni mtu au ni serikali, akumbuke kwamba siku ya kukataa masharti ni siku ya kukopa, kwani siku ya kulipa ufunguo huwa umekwisha kubadilisha mkono.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.